Nilivyoiba Kinga ya Baba Bukuru

Wiki iliyopita walipita hapa kwetu vijana sita wenye baiskeli za milimani, zile za matairi yenye meno makubwa na gia za kubofya kwa dole gumba. Walivaa kofia ngumu na glavu zisizofunika vidole. Nikawauliza wanapeleka nini. Wakacheka. Hawapeleki kitu, wanazunguka tu, wanapanda vilima vya nyuma ya Magamba, wanateremka, halafu wanapanda tena. Nilitaka kuwaambia kwamba wazazi wetu walipanda vilima hivyo hivyo na magunia mawili nyuma, na hakuna aliyewapiga picha, lakini nikameza. Nina ulimi mbaya na ninajijua.

Mmoja akaniuliza, "Mama, njia ya kushukia mtoni ni ipi?" Nikamwonyesha. Walipoondoka sikuweza kuendelea kuchambua maharage. Nikaacha ungo pale pale, nikawafuata kwa miguu hadi ukingo wa mteremko, na nilipofika walikwisha potelea chini. Walichoacha ni vumbi na harufu ya raba ya breki iliyopata moto. Nikasimama pale, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikawa tena mtoto wa miaka kumi na moja.

Mama yangu aliniita Kiguu na Njia, na hakuwa ananisifia. Nilikuwa mtoto asiyeweza kukaa. Nikitumwa chumvi napitia kwa watu watatu. Kanisani nilikalishwa kati ya mama na bibi, kila mmoja amenishika goti moja. Usiku miguu ilicheza yenyewe chini ya shuka mpaka mdogo wangu analia. Siwezi kusema nilikuwa natafuta nini. Nilihisi tu kwamba kila jambo la maana linatokea ng'ambo ya kilima, na mimi nimechelewa.

Na kilima kilikuwepo, tena kwa wingi. Nyie wa rika langu mliokulia huku mnazikumbuka zile njia. Hakuna aliyezichora, zilichimbwa na matairi, upana wake ni tairi moja na kwato la mbuzi. Ukitoka kwetu unapita mashamba ya alizeti na muhogo, unaingia porini kwenye miombo, ambako kabla ya mvua majani machanga hutoka mekundu na mtu mgeni hudhani miti inaungua. Humo mbung'o wanakusubiri. Ukitembea wanakuuma, ukikimbia wanakukimbiza, ukipanda baiskeli wanakufuata mgongoni wakiwa wamekaa raha mustarehe. Juu mitini ilining'inia mizinga ya nyuki, mingine ya baba yangu. Baada ya pori kulikuwa na mteremko mmoja mrefu wenye mawe na mizizi iliyokatiza njia, unaoishia mtoni, na ukishavuka mto ni tambarare mpaka Ilembo na sokoni Kashaulili. Mteremko ule watu waliuita Ng'oameno. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Rafiki yangu Butoyi aliushuka Ng'oameno bila kukanyaga chini.

Butoyi alikuwa jirani yetu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wadogo, yeye alizaliwa hapa hapa, na jina lake ni la pacha wa pili. Pacha wa kwanza, Bukuru, alikuwa ameshachukuliwa na shangazi yao mjini, ndiyo maana nyumba nzima ilijulikana kwa jina la mtoto asiyekuwepo: Baba Bukuru, Mama Bukuru. Nadhani Butoyi hakulipenda jambo hilo, maana yeye ndiye aliyebaki kuteka maji. Alikuwa mtulivu mpaka anaudhi. Ukimwuliza swali anakutazama kwanza, kisha anajibu neno moja.

Baba Bukuru alikuwa na baiskeli nyeusi ya kiume, keria yake imeongezwa vyuma ili ibebe magunia. Kila Jumatatu alfajiri aliipakia makopa ya muhogo na kwenda nayo sokoni. Siku nyingine Butoyi alitumwa nayo kusaga unga au kuchukua dawa ya mifugo, na mimi nilidandia nyuma. Mama hakutaka kunisikia kwenye usukani. "Mtoto wa kike anapanua miguu njiani, aende wapi?" Lakini kizuizi hasa hakikuwa mama, tusidanganyane. Nilikuwa muoga. Mara mbili nilijaribu kuteremka Ng'oameno mwenyewe kwa baiskeli ya kuazima, kwa siri, mara mbili nikajitupa vichakani kabla ya mzizi wa kwanza. Mimi, Kiguu na Njia, niliyeringa shule nzima kwamba sikosi safari! Nilichukia uoga ule kuliko nilivyochukia viboko.

Sasa nieleze kuhusu kinga, maana hapo ndipo akili yangu ilipopotea.

Sisi ni Wakonongo na ukoo wetu ni wa warina asali. Tulikuwa watu wa kanisa, lakini baba akitaka kwenda porini kwenye mizinga, bibi alimfungia kiunoni kipande cha mzizi kwa kamba iliyozungushwa mara nyingi na kukazwa fundo moja dogo. Hiyo ndiyo kinga. Nyuki wasimuue, nyoka asimwone. Mama alijifanya haoni, baba alijifanya anamridhisha tu bibi, lakini sikuwahi kumwona akienda bila hiyo. Kwangu mimi kinga ilikuwa kitu cha kufungwa, na kila mwenye kufanya jambo la hatari alikuwa nayo.

Kwa akina Butoyi, nyumbani walisema Kirundi. Sikukijua ila maneno ya kuomba maji na ya kufukuza kuku. Lakini kila mara Butoyi alipotumwa mbali, mama yake alipaza sauti kutoka jikoni, "Butoyi! Ikinga iri he?" Naye anajibu, tunaondoka. Nilisikia kinga. Ningesikia nini kingine? Hawa watu nao wana yao, nikajisemea, na wanaiulizia kabla ya safari kama bibi anavyofanya.

Siku moja tukiwa juu ya Ng'oameno nilimwuliza.

"We Butoyi, hivi huogopi?"

"Niogope nini, na ikinga ninayo?"

"Kinga ya nani?"

"Ya baba."

"Na bila hiyo?"

Akanitazama kwanza, kama kawaida yake. "Bila ikinga utateremkaje? Utatembea kwa miguu."

Kisha akainama nyuma ya baiskeli, chini ya keria, akashika kitu na kukivuta mara mbili, akapanda. Nikachungulia. Palikuwa na ukanda wa mpira mweusi uliokatwa kwenye tyubu, umezungushwa mara nyingi kwenye chuma, umekazwa kwa fundo moja dogo. Alikuwa anaugusa kila mara tukifika pale. Nilishangaa nilikuwa wapi siku zote.

Jumamosi moja mchana wote walikuwa shambani. Baiskeli imeegeshwa ukutani pa jiko. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena, nikazunguka nyumba, nikajifanya natafuta kuku wetu. Halafu nikapiga magoti nikaanza kufungua. Lile fundo lilikuwa gumu, nikatumia meno, na ladha ya mpira na vumbi ikakaa mdomoni mpaka jioni. Nilipomaliza kuna chuma kilining'inia kidogo. Nikakirudisha kwa kidole, kikakaa. Niliapa ningerudisha kinga ya watu mara tu baada ya kuitumia, na naomba mniamini, nilikusudia kweli.

Niliufunga ule mpira kiunoni chini ya gauni, nikakimbia mpaka Ng'oameno na kuuteremka mbio kwa miguu, macho nimeyafumba nusu. Sikujikwaa hata mara moja. Nilifika mtoni nikicheka peke yangu, nikapanda, nikashuka tena. Kilichobaki ilikuwa kupata baiskeli. Jumapili kulikuwa na ibada ndefu na wageni nyumbani, mama hakuniachia hata dakika. Nikasema kesho.

Kesho yake alfajiri Baba Bukuru alipakia makopa akaondoka kukiwa bado na giza. Watu waliokwenda kuteka maji ndio waliomkuta chini ya Ng'oameno, magunia yamepasuka, makopa yametapakaa kama mawe meupe njia nzima, na yeye amelala ubavu akiomba wasimguse mguu. Ulikuwa umevunjika chini ya goti. Walimpeleka hospitali mjini kwa pikipiki, kijana mmoja mbele, mwingine nyuma akimkumbatia, naye katikati akiuma kola ya shati lake.

Nilijua papo hapo. Mtu ameteremka mlima bila kinga yake, mlima umemchukua mguu. Kwangu halikuwa fumbo hata kidogo.

Watu wazima wao walikuwa na maelezo mengine. Walikuta chuma cha breki kinaning'inia na mpira wa kukifungia haupo; mimi nikadhani wanaificha tu kinga kwa maneno, kama baba na mama walivyojifanya kwetu. Na kukagua breki ilikuwa kazi ya Butoyi, ndiye mwenye vidole vyembamba vya kufikia kule chini. Alisema alikagua Jumamosi asubuhi na ilikuwa sawa. Mama yake akamwambia ikiwa ilikuwa sawa, mpira ulikwenda wapi, umeota miguu? Butoyi alichapwa, na halikuishia hapo. Akakatazwa baiskeli. Fundi mmoja aliinyoosha usukani, akakaza breki kwa mpira mpya, ikarudishwa ukutani pale pale, na Butoyi akawa anaipita asubuhi akiwa na ndoo ya mahindi kichwani kwenda mashineni kwa miguu, na jioni akirudi na unga. Mama Bukuru alimwambia kila mtu aliyekuja kutoa pole, "Huyu ndiye aliyemvunja baba yake." Kwa Kiswahili, ili wote tuelewe.

Na mimi nilifanya nini? Nilizurura. Sijawahi kutembea kama nilivyotembea siku zile. Nilienda mpaka kwenye mizinga ya mbali bila kutumwa, nilirudi, nilichota maji yasiyohitajika, niliamka usiku nikakaa, nikalala, nikaamka. Mama akafikiri nina minyoo, akaninywesha dawa. Mpira nilikuwa nao kiunoni bado. Niseme ukweli wenye aibu zaidi kuliko wote: niliogopa kuuvua. Nilidhani mlima ukimaliza na Baba Bukuru utakuja kunitafuta mimi.

Kila asubuhi niliamua kusema, na kila asubuhi kulikuwa na sababu. Leo wana wageni. Leo mama yake kanuna. Leo Butoyi amenisalimia vizuri, kwa nini nimharibie siku? Akili ya mwoga haikosi kisingizio.

Siku ya kumi na tisa, nikiwa nyuma ya jiko letu, nilimsikia Mama Bukuru akimwambia mama kwamba Butoyi atapelekwa Mishamo, mbali huko, kwa mjomba wake. Huko atafundishwa kazi na uangalifu. Shule? Shule ataendelea huko, mjomba akipenda. Baba Bukuru alikuwa amerudi kutoka hospitali, hawezi kufanya kazi, na hawawezi kukaa na mtoto asiyeaminika. Mama akasema pole, mama mwenzangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikaondoka pale mbio. Sikuamua kitu, miguu ndiyo iliyoamua.

Baba Bukuru alikuwa amekaa kwenye jamvi kibarazani, mguu umefungwa plasta nyeupe mpaka juu ya goti, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Baba Bukuru."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo? Kuna moto?"

Nikageuka ukutani, nikaingiza mkono chini ya gauni, nikafungua ule mpira na kumwekea mapajani. "Nimekuletea kinga yako. Niliiba mimi. Sio Butoyi. Msimpeleke Mishamo."

Akauchukua. Akaunyoosha, akauangalia kwenye mwanga. "Kinga?"

"Ile ya mlima. Ndiyo maana ulianguka."

"Nani kakwambia hii ni kinga?"

"Nyie wenyewe! Mama Bukuru anaiulizia kila siku. Ikinga, ikinga. Na Butoyi alisema bila hiyo huwezi kushuka."

Alinitazama nikadhani atanipiga kwa ule mpira. Badala yake akaanza kucheka. Alicheka mabega yakatikisika, mahindi yakamwagika, akashika mguu kwa maumivu huku bado anacheka. "Mana yanje, Mungu wangu! Mwanangu, ikinga ni baiskeri. Ni Kirundi. Mama Bukuru anauriza baiskeri iko wapi, basi."

"Na huu mpira?"

Hapo kicheko kikamwisha. "Huu ni breki," akasema.

Sijui kama mnaijua ile hali ya kuelewa jambo zima kwa mara moja, mpaka masikio yanaziba. Hakukuwa na mlima wowote uliokasirika. Kulikuwa na mimi, na meno yangu, na fundo. Nikalia kwa sauti ambayo ilimtoa Mama Bukuru ndani. Mumewe akamweleza kwa Kirundi, na yeye hakucheka hata kidogo. Aliuangalia mguu wa mumewe, akaniangalia mimi. Kisha akaangalia mlangoni, ambako Butoyi alikuwa amesimama na ndoo ya maji, sijui tangu saa ngapi.

Nyumbani nilichapwa na mama, na nilipodhani tumemaliza nikachapwa na bibi, aliyesema nimemvunjia heshima mbele ya majirani kwa kufananisha dawa ya wazee na tyubu. Viboko vile vilinipa nafuu kubwa. Usiku ule nililala bila kucheza miguu. Lakini Baba Bukuru ndiye aliyetoa hukumu yenyewe. Butoyi haendi popote, akasema, na mpaka yeye apone sisi wawili ndio tutakaopeleka makopa sokoni, gunia moja moja, Butoyi akiongoza na mimi nikisukuma. "Na breki," akamwambia Butoyi mbele yangu, "utakagua wewe. Nakuamini."

Safari ya kwanza tulitoka jua limeshachomoza. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote nikiongea bila kupumua. Nilimwambia samahani kwenye alizeti, nikamwambia samahani kwenye muhogo, porini nikaanza kumsimulia jinsi baba yake alivyocheka, na jinsi mimi mjinga nilivyokuwa nafunga tyubu kiunoni. Niliigiza mpaka sauti. Nilitaka acheke. Nilitaka sana acheke, tuyamalize. Mbung'o walituuma wote wawili na ni mimi tu niliyekuwa nalalamika.

Juu ya Ng'oameno akasimamisha baiskeli. Akainama, akavuta ule mpira mpya mara mbili, akakaza mkanda wa gunia. Kisha akasema, bado ameinama, "Nilijua ni wewe."

Nikafikiri sijasikia vizuri. "Ulijua lini?"

"Jumatatu ile ile. Ulikuwa unachota maji, gauni limeloa. Niliuona umefunga kiunoni."

Siku kumi na tisa. Viboko, ndoo ya mahindi kichwani, maneno ya mama yake mbele ya wageni, Mishamo. Siku zote hizo nilikuwa napita kwao, nakaa naye, nakula matobolwa, viazi vikavu, mkononi mwake, na yeye anajua.

"Kwa nini hukusema?"

"Ni jambo lako."

"Basi kwa nini hukuniuliza? Ungeniuliza tu, Butoyi!"

Akanitazama kama kawaida yake, bila hasira yoyote, na ningetoa chochote niione hasira. "Ningekuuliza," akasema, "ungekataa."

Ilikuwa kweli. Ningekataa. Ningemwapia hata kwa jina la Mungu.

Akaielekeza baiskeli mtoni. Akapanda, akashuka na gunia lake mawe na mizizi yote mpaka mtoni bila kukanyaga chini. Mimi nikateremka kwa miguu, hatua moja kisha nyingine, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na haraka ya kufika.